Mzigo Haupotei, Unabadili Kichwa Tu



Dominika moja baada ya Misa, wazee wawili walikuwa wamesimama chini ya mwembe karibu na kanisa, hapa Kamina. Walikuwa wakibishana bila hasira, kama watu waliozoeana tangu ujana. Mmoja alifanya kazi ya reli miaka mingi. Mwingine ni mkulima, na wajukuu wake wanne wako katika shule ya msingi. Neno lenyewe lilitoka katika redio: Serikali imeongeza fedha za jeshi kwa sababu ya vita vya mashariki.

"Ni haki," alisema mzee wa reli. "Nyumba ikivamiwa usiku, utatafuta kwanza daftari au fimbo?"

"Ni kweli, ndugu yangu. Lakini mwalimu wa wajukuu wangu je? Huyu wa darasa la tatu anafundisha tangu mwaka jana, wala jina lake halijatoka katika orodha ya mishahara."

"Ee, wazazi watasaidia kidogo. Vita vikiisha, mambo yatatengenea."

Nilipopita nikawaamkia, nao wakaniita: "Katekista, njoo utuamue." Sikuwaamua, kwani watoto wa Komunyo ya kwanza walikuwa wananingoja. Lakini neno lile, "wazazi watasaidia kidogo," lilinifuata mpaka nyumbani. Leo nataka kulijibu mbele yenu nyote, kwa maana si neno la mzee mmoja. Twalisikia maofisini, twalisikia katika mikutano ya wazazi, na tuseme kweli, mara nyingine twalisikia hata katika shule zetu za Kanisa. Mimi nasema ni neno la hatari. Limekwisha kutudanganya mara moja, nalo lataka kutudanganya mara ya pili.

KIKAPU KIMOJA

Kwanza tuelewane. Bajeti ni nini? Kila mwaka Serikali hukadiria fedha itakazopata kwa kodi, kwa forodha, kwa madini na kwa misaada. Kisha hugawa mafungu: hili la jeshi na polisi, hili la shule, hili la afya, hili la kilimo, hili la barabara, hili la kulipa madeni, na hili la kuendesha ofisi za wakubwa. Wabunge hujadili na kupiga kura, Rais hutia sahihi, nayo huwa sheria ya nchi.

Kikapu chetu si kikubwa. Bajeti ya mwaka 2024 ilipigiwa kura kwa franka bilioni 40,463, ndizo karibu dolari bilioni 16. Mtu akisikia habari ya mabilioni huona kizunguzungu, akaacha kuhesabu. Basi tuhesabu pamoja. Sisi ni watu zaidi ya milioni 100. Tukigawa, kila mmoja apata kama dolari 160 kwa mwaka mzima, na hizo zimlipe askari, daktari, mwalimu na hakimu, zijenge daraja, tena zilipe deni. Jirani zetu wa Tanzania, watu kama milioni 65, waliandika shilingi trilioni 49.35 kwa mwaka 2024/25, ndizo karibu dolari bilioni 19. Kwa kila mtu, fungu lao ni karibu mara mbili ya letu, nao hawachimbi shaba na kobalti kama sisi.

Kikapu kikiwa kidogo hivi, kuongeza fungu moja mara nyingi ni kupunguza jingine. Kila mama wa nyumba ajua jambo hilo. Lakini hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba fungu likipunguzwa, gharama nayo imepungua. Hata kidogo! Watoto ni wale wale, chaki ni ile ile, mwalimu ana tumbo lile lile. Mama atokaye shamba na mzigo wa mihogo kichwani, akichoka njiani, humtwika binti yake. Je, mzigo umepotea? Haukupotea. Umebadili kichwa tu. Na mara nyingi kichwa kipya ni kidogo kuliko kile cha kwanza.

Hilo ndilo neno langu lote la leo. Serikali ikipunguza fungu la shule au la afya, au ikiliandika bila kulitoa, mzigo haufi. Unashuka mpaka kwa baba mwenye shamba dogo, mpaka kwa mama anayeuza sombe sokoni, na mwisho mpaka kwa mtoto anayebaki nyumbani. Si lazima mniamini kwa maneno matupu. Tuliwahi kuona.

"KIDOGO" KILICHODUMU MIAKA 25

Zamani za Wabelgiji, shule nyingi kabisa zilikuwa za misioni, nayo Serikali ilizisaidia kwa fedha. Mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilizichukua shule za Kanisa. Haikuziweza. Tarehe 26 Februari 1977 ikapatana na Kanisa Katoliki, na Waprotestanti na Wakimbangu vilevile: shule ni za taifa, madhehebu yaziongoze, Serikali ilipe walimu. Mapatano hayo ndiyo msingi wa shule zetu za Kikatoliki mpaka leo. Angalieni neno lile: Serikali ilipe walimu.

Lakini bei ya shaba ilikuwa imekwisha kuanguka katikati ya miaka ya 1970. Madeni yakazidi. Katika miaka ya 1980 wakopeshaji wa nchi za nje wakaidai Serikali ipunguze matumizi yake. Ikapunguza nini? Magari ya wakubwa hayakupungua. Fungu la shule ndilo lililokatwa. Na fedha yenyewe, zaïre, ikaoza mikononi mwa watu, hata mshahara wa mwalimu haukumtoshea unga wa mwezi. Ukaja uporaji wa 1991 na wa 1993. Walimu wakagoma, shule zikafungwa.

Ndipo wazazi na viongozi wa shule, Maaskofu nao wakikubali, wakaona heri kila mzazi atoe kitu, mwalimu asikimbilie biashara au machimbo. Fedha ile ikaitwa primu. Siwalaumu waliofanya hivyo. Waliokoa shule, na bila wao wengi wetu tusingejua kusoma. Lakini kumbukeni: ilikuwa msaada wa muda tu. Wazazi walikuwa watasaidia kidogo, mpaka mambo yatengenee. Muda ule ulidumu zaidi ya miaka 25.

Mimi ni mtoto wa primu. Nayakumbuka asubuhi yale. Direkta aliingia darasani na karatasi mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alitumwa na njaa ya walimu wake. Alisoma majina, na kila aliyeitwa alichukua mfuko wake akatoka. Sisi nyumbani tulikuwa wanne wa kwenda shule, na mihogo ya mama yetu iliweza kulipa primu ya wawili. Mama alichagua watoto wa kiume. Dada yangu, aliyenipita kwa umri na kwa akili, alibaki. Mimi nikaenda mbele mpaka seminari. Yeye akaenda shamba. Leo mtoto wake akichanjwa, hunipa kile karatasi nimsomee tarehe ya kurudi. Hunipa bila kusema neno, nami humsomea bila kumtazama usoni.

Ndugu zangu, wakubwa walipokata fungu la shule, labda waliandika katika vitabu vyao kwamba nchi imeokoa fedha. Haikuokoa kitu. Aliyelipa fedha ile ni dada yangu.

MZIGO ULIRUDI NUSU

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima, tena ni bure katika shule za umma. Mwaka 2010 Serikali ilijaribu kwa madarasa ya chini, lakini primu haikufa. Ndipo Septemba 2019 Rais Tshisekedi alipoanza kuitekeleza kwa shule yote ya msingi. Wakuu wa Serikali wamehesabu watoto zaidi ya milioni 4 walioingia au waliorudi shuleni.

Tusiwe watu wasio na shukrani. Lilikuwa tendo jema, na fungu la elimu katika bajeti liliongezeka kweli. Tena mambo yalikuwa kama kwa jirani. Uganda ilipofuta karo ya shule ya msingi mwaka 1997, wanafunzi walipanda kutoka karibu milioni 3 mpaka zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Kenya ilipofuta mwaka 2003, walipanda kutoka karibu milioni 5.9 mpaka milioni 7.2. Basi tusiseme tena kwamba wazazi wa Afrika hawapendi shule. Walisimama mlangoni wakingoja mlango ufunguliwe.

Lakini Serikali yetu ilipokea mzigo nusu. Makadirio ya 2019 yalisema kwamba elimu bure yataka zaidi ya dolari bilioni 2 kwa mwaka, na fedha hiyo haikuwako. Bwana wetu alitupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza, ahesabu. Kwetu mnara ulianzwa kabla ya hesabu. Mpaka leo kuna walimu waitwao N.U., ndio wapya ambao hawajaingizwa katika mishahara, na waitwao N.P., ndio wanaojulikana lakini hawalipwi. Wanasimama mbele ya watoto kila siku. Mtu huyu atakula nini? Basi primu yarudi usiku kama mwizi, imevaa nguo nyingine: leo ni fedha ya mitihani, kesho ni ya karatasi, kesho kutwa ni ya ufagio. Shule ni bure, na bado mzazi analipa.

MAFUNGU MATATU

Wengi hubishana kwa asilimia. Huyu asema: "Elimu imepanda, tushangilie." Yule asema: "Imeshuka, tulie." Mimi nasema tusishangilie wala tusilie kwanza. Tuulize: ni fungu gani unalolisema? Kwani yako mafungu matatu yenye jina moja.

La kwanza ni fungu lililoandikwa. Ndilo linalosomwa Bungeni na redioni.

La pili ni fungu lililotolewa. Mwaka 2020 bajeti iliandikwa zaidi ya dolari bilioni 10. Ukaja ugonjwa wa Korona, na mapato ya Serikali hayakufika hata nusu ya yaliyoandikwa. Fedha zikipungua hivyo katikati ya mwaka, Bunge halipigi kura upya kila asubuhi. Mtu mmoja katika ofisi ya malipo ndiye anayeamua nani alipwe leo na nani angoje. Mwenye bunduki na mwenye cheo hawangoji. Anayengoja ni mwalimu, ni muuguzi, ni kijiji kisicho na daraja. Hivyo fungu la shule laweza kukatwa bila mbunge hata mmoja kuinua mkono.

La tatu ni fungu lililofika. Machi 2021 mahakama moja ya Kinshasa iliwahukumu wakubwa wa idara ya mishahara ya walimu na wa ukaguzi wa elimu kwa kuiba fedha za elimu. Fedha zile zilikuwa zimeandikwa, zilikuwa zimetolewa, hazikufika. Hata zisizoibwa husafiri vibaya. Kwa miaka mingi Caritas ilipewa kazi ya kupeleka mishahara mahali pasipo na benki. Mwalimu wa kijiji cha mbali hupanda baiskeli au mtumbwi kwenda kuuchukua, na siku zile za safari darasa lake halina mwalimu.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukisikia kwamba fungu limepanda au limeshuka, usiulize Kinshasa tu. Uliza darasani.

JE, ASKARI ASILIPWE?

Sasa nimjibu mzee wa reli, kwani ana neno lenye nguvu, na si vema kulikwepa.

Vita si hadithi. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilitekwa, na Februari Bukavu. Watu walikufa, mamia ya maelfu wakakimbia. Machi 2025 Serikali ikaamua kuongeza mishahara ya askari na polisi maradufu. Lakini fedha za jeshi zilikuwa zimeanza kupanda mbele ya hapo. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayohesabu fedha za majeshi duniani, ilionyesha kwamba mwaka 2023 nchi yetu iliongeza matumizi hayo kwa asilimia 105, yakafika dolari milioni 794. Mwaka ule hakuna nchi nyingine duniani iliyopanda kwa kipimo hicho.

Je, nasema askari asilipwe? Hapana. Sisi wa Kamina tunaishi na kambi ya jeshi tangu wakati wa Wabelgiji. Tunajua kwamba askari asiyelipwa hujilipa mwenyewe barabarani. Mtoto wa askari huketi benchi moja na mtoto wa mkulima. Askari apate haki yake, na mjane wa askari apate haki yake.

Ninalokataa ni mambo mawili. Kwanza, nakataa kwamba kila fedha ya jeshi lazima itoke mfukoni mwa mwalimu. Kikapu kina mafungu mengi. Kuna safari za wakubwa, kuna magari, kuna ofisi zinazozaa ofisi, kuna fedha za madini zinazopotea kabla ya kuingia kikapuni. Kwa nini mkono uende daima upande wa shule na dispensari? Nitawaambia kwa nini: kwa sababu huko hakuna atakayepiga kelele. Wanajua kwamba wazazi watasaidia kidogo. Neno letu la upole ndilo linalowapa ruhusa.

Pili, nakataa ukimya. Ikiwa kweli nchi yapaswa kupunguza fungu la shule mwaka huu kwa sababu ya vita, basi wasimame Bungeni waseme: tumepunguza kiasi hiki, kwa miezi hii, tutakirudisha siku fulani. Mtu mzima aweza kuvumilia neno la namna hiyo. Lakini kucheleweshewa mshahara bila neno, kuambiwa "ngojeni" bila tarehe, huko si kuvumilia kwa ajili ya nchi. Ni kuibiwa polepole.

Tena tusidhani kwamba neno hili ni jipya. Papa Paulo VI, alipokuwa Bombay mwezi wa Desemba 1964, aliwaomba wakubwa wa dunia watenge sehemu ya fedha za majeshi iwe mfuko wa kuwasaidia maskini. Alilirudia ombi hilo mwaka 1967 katika barua yake Populorum Progressio, na Papa Fransisko alilikumbusha mwaka 2020 katika Fratelli Tutti. Wao waliomba fedha itoke katika silaha iende kwa maskini. Sisi twaenda njia iyo hiyo kwa kurudi nyuma, halafu twaita uzalendo.

Na mzee wangu wa reli anisamehe nikimwuliza: vijana wasiopata shule leo, kesho nani atawaandika? Wenye silaha wa msituni hawadai primu.

KUTOKA KINSHASA MPAKA KIJIJINI

Si shule tu. Mwaka 2001 wakuu wa Afrika waliahidi huko Abuja kwamba asilimia 15 ya bajeti zao itakwenda kwa afya. Mwaka 2003 waliahidi huko Maputo asilimia 10 kwa kilimo. Nchi yetu iko mbali na ahadi hizo mbili. Mgonjwa anayebaki kituoni kwa sababu hajamaliza deni lake, na mkulima wa Kabongo ambaye mahindi yake yanaoza kwa kukosa barabara, wote wawili wamebeba fungu ambalo halikutolewa.

Kwetu Haut-Lomami kuna jambo la kuongeza. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne. Migodi mikubwa ya shaba na kobalti ikabaki Lualaba na Haut-Katanga. Sisi tukapata gavana, bunge la jimbo, na teritori tano: Kamina, Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu. Tulipata viti, kikapu hatukupata. Sheria ya madini ya 2018 inaipa jimbo linalochimbwa asilimia 25 ya ushuru wa madini, na asilimia 15 inakwenda kwa sekta au mji wa mahali pale. Ni haki yao. Lakini kwa jimbo la samaki wa Upemba na mahindi ya Kaniama, sheria hiyo huleta kidogo sana.

Ndiyo sababu Katiba iliweka mambo mawili: asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki kwa majimbo, na asilimia 10 iwekwe katika sanduku la kusawazisha, ili jimbo maskini lisiachwe nyuma. Kwa miaka mingi ile 40 haikutolewa kama ilivyoandikwa, na sanduku la kusawazisha lilikuwa jina tu. Katiba hiyo hiyo imeyapa majimbo kazi ya shule za msingi na za sekondari. Mnaona? Kazi ilishuka kutoka Kinshasa ikaja Kamina, lakini fedha haikushuka nayo. Kamina nayo ikaishusha mpaka sekta, sekta mpaka kijiji, kijiji mpaka kwa mama wa watoto wanne. Mzigo ni ule ule. Yeye hana mtu wa kumtwika tena, isipokuwa mtoto.

TUFANYE NINI?

Mtu atasema: "Katekista, hayo ni siasa. Wewe utufundishe sala." Nitafundisha sala mpaka nife. Lakini kulipa kodi ni wajibu wa Mkristo, nasi twaufundisha. Basi kuuliza kodi ile imekwenda wapi si dhambi.

Kwanza, tujisafishe sisi wenyewe. Shule zilizo chini ya Kanisa zisiwe mahali pa primu ya kujificha. Ikiwa walimu fulani hawalipwi, direkta aiseme hesabu hiyo wazi mbele ya wazazi wote: walimu wangapi, wanaolipwa wangapi, N.U. wangapi, N.P. wangapi. Wazazi wakiamua kumsaidia mwalimu mwenye njaa, wafanye kama watu huru, kwa maandishi, na nakala ya barua ipelekwe kwa mkubwa wa elimu wa jimbo kusema: hiki tulichotoa ni deni la Serikali, twalihesabu. Msaada usioandikwa hugeuka kodi. Tuliliona jambo hilo miaka 25.

Pili, tuwaulize wabunge wetu, wa taifa na wa jimbo, wanapokuja kututembelea. Tusiwaulize fulana na bia. Tuwaulize maswali matatu: kwa shule na afya za Haut-Lomami mliandika kiasi gani? Kilitolewa kiasi gani? Kilifika kiasi gani? Asiyeweza kujibu arudi akatafute. Na ule mpango wa teritori 145, ulioahidi shule na vituo vya afya katika kila teritori ya nchi, tuupime kwa macho: jengo liko wapi, lina paa, lina mwalimu anayelipwa?

Tatu, tuache kusema lile neno. Mtu akisema mbele yako, "wazazi watasaidia kidogo," mwulize kwa heshima: kidogo hicho ni kiasi gani, na kitakwisha lini? Asipokuwa na jibu, ujue kwamba anasema habari ya miaka 25 mingine.

Dominika iliyofuata nilimkuta mzee wa reli mahali pale pale, nikamweleza haya niliyoandika. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia: "Mwanangu, sisi tulifikiri tunawasaidia watoto." Nikamjibu: "Mliwasaidia kweli, baba. Lakini mlisaidia na wale waliopaswa kulipa." Akacheka kidogo, akashika fimbo yake, akaniuliza mkutano wa wazazi utakuwa siku gani.

Utakuwa Alhamisi, saa nane, katika darasa la tatu. Dada yangu nimemwalika, naye amesema atakuja.

Katekista wenu wa Kamina